Shingo Ndani ya Maji ya Chumvi

"Wewe ndiye Njeri wa mbuzi?"

Mwanamke aliyepiga simu hakunisalimu kwanza, na kwa kawaida mtu wa namna hiyo mimi humkatia. Lakini ni mtu mmoja tu duniani aliyewahi kuniita hivyo, na nilikuwa sijalisikia jina hilo kwa zaidi ya robo karne. Akajitambulisha kuwa yeye ni Zubeda, binti ya Mzee Ramadhani wa Ruiru. Namba yangu alipewa na mwanawe, ambaye nilimfundisha kemia kidato cha tatu bila kujua ni mjukuu wa nani. "Baba ametuacha Ijumaa, mwalimu," akasema. "Tulizika siku hiyo hiyo. Jumapili tunasoma hitima hapa nyumbani. Alikuwa anakutaja. Kama unaweza, kuja tu." Nikampa pole, nikamwambia nitakuja, nikaiweka simu juu ya karatasi za mtihani nilizokuwa nasahihisha na kukaa pale mpaka chai ikapoa. Nilikijua kitu ninachopaswa kwenda kusema Ruiru. Nilikijua miaka yote hiyo, na sasa mtu wa kuambiwa alikuwa ameshafukiwa.

Mwaka ule nilikuwa nanuka ngozi. Hakuna njia ya heshima ya kulisema hilo. Ilikuwa katikati ya miaka ya tisini, nina miaka ishirini na mitatu na cheti kipya cha maabara, nikaajiriwa Thika na Daktari Mbugua, daktari wa upasuaji aliyekuwa amerudi kutoka masomoni ng'ambo na wazo moja kichwani. Alikuwa amechoka kukata miguu ya watu. Mtu akipondwa na mashine kiwandani, mshipa mkubwa wa damu ukachanika, mguu wake huoza kwa kukosa damu ilhali mfupa wenyewe ungeweza kuungwa. Ng'ambo walikuwa na mirija ya kitambaa cha kufumwa inayoshonewa mahali pa mshipa ulioharibika, lakini kitambaa kina matundu, na damu huvuja humo kama chai kwenye chujio. Daktari alitaka kuyaziba matundu hayo kwa jeli ya ngozi ya ng'ombe, jeli ambayo mwili ungeila polepole na kujaza nyama yake wenyewe mahali pake. Ngozi Thika hazikuwa haba. Alikodi chumba kimoja nyuma ya karakana ya kuchomelea vyuma, akanipa koti jeupe, sufuria mbili na kipimajoto, akaniambia nianze kuchemsha.

Ukipika supu ya miguu ya ng'ombe ukaiacha jikoni, asubuhi utaikuta imeshikana, inatikisika. Jeli yetu ilikuwa hiyo hiyo, ila ililazimu iwe safi kiasi cha kuingizwa ndani ya mwili wa kiumbe. Nililoweka vipande vya ngozi kwenye chokaa wiki tatu, nikavisuuza mpaka vidole vikapauka, kisha nikavitia kwenye moto mdogo usiofika kuchemka, siku nzima, nimesimama na mwiko. Halafu ikaja shida yenyewe. Jeli ya namna hiyo huyeyuka kwa joto la mwili, kwa hiyo lazima ikazwe kwa dawa, na dawa ya kuikaza ni kali, ya ukoo mmoja na ile wanayohifadhia maiti. Ukitia kidogo, jeli inayeyuka na mrija unavuja. Ukizidisha, inakuwa kavu na kuvunjika, tena inaichoma nyama iliyo karibu nayo. Kuanzia Februari mpaka Julai nilikuwa naitafuta hiyo katikati, tone kwa tone, naandika kwenye daftari. Daktari aliita hiyo sayansi. Mimi niliona ni mapishi tu, ila mapishi ambayo ukikosea mtu anakufa.

Nilipanga chumba mtaa wa Makongeni, humo humo Thika, kimoja katika safu ya sita, chenye dirisha la kuangalia kamba za nguo. Nilikuwa na kitanda, jiko la mafuta ya taa, sahani moja na kikombe kimoja, kwa sababu sikuona sababu ya kununua viwili. Niliosha mwili kwa sabuni ya kufulia, kwa limau, hata kwa majivu, na bado harufu ya ngozi ilibaki kwenye nywele. Dukani watu walikuwa wakisogea kidogo bila kujua kuwa wanasogea. Ukuta uliotutenganisha mimi na majirani wangu, mume na mke ambao hata leo sijui majina yao, ulikuwa mwembamba, na chakula changu cha jioni kilikuwa ugali, sukuma wiki na mazungumzo yao. "Hii haina chumvi." "Si jana ulisema ina chumvi nyingi?" "Jana ni jana." Nilikuwa nikicheka nimeziba mdomo, na nikichelewa kurudi nilihisi nimekosa kitu. Kisha jioni moja, nikiwa nimetulia bila kupiga hata kijiko, nikamsikia mume akisema, "Huyu msichana wa hapa hata hatembelewi na mtu." "Si ni hiyo harufu," mke akajibu. "Wacha, maskini," mume akasema. "Ni mtoto wa wenyewe." Niliumaliza ugali wangu. Nilikuwa mpweke, nasema hivyo wazi sasa kwa sababu wakati ule sikuwa na mtu wa kumwambia.

Mtu niliyekuwa nikila naye alikuwa mmoja. Mbuzi wa majaribio tuliwaweka Ruiru, kwenye banda la zamani pembeni ya shamba la kahawa, na mlinzi wao alikuwa Mzee Ramadhani. Alikuwa amechinja kwa miaka mingi kwenye kichinjio mpaka magoti yakakataa kusimama kwenye saruji yenye maji, ndipo Daktari akampa kazi ya kulisha na kuangalia. Nilikuwa nikienda Jumanne na Alhamisi kupima joto na kufungua vidonda. Nilifika saa sita, na kila mara nilimkuta amekaa kwenye boksi la mbao, na bakuli la ndengu na chapati mbili limefunikwa kwa kitambaa cha maua, hajaligusa. Siku ya kwanza nilimwambia nimekula. Akaniangalia kutoka juu mpaka chini.

"Umekula na nani?"

"Peke yangu."

"Hiyo si kula. Hiyo ni kujaza tumbo. Mtu hali peke yake kama mwizi. Kaa hapa, Njeri wa mbuzi."

Basi nikakaa. Hakuwahi kutaja harufu yangu, labda kwa sababu yake mwenyewe ilikuwa ya mbuzi. Tulikula kutoka bakuli moja, na alikuwa akiuliza maswali ambayo Daktari hakuwahi kuniuliza. Kwa nini ngozi ya ng'ombe na si ya mbuzi? Mwili unajuaje kuwa kitu si chake? Alipenda sana kusikia kwamba mfugo uliochinjwa halali Thika ungeweza kumwokoa mtu mguu. Aligusa shingo ya mbuzi kwa vidole viwili, akafumba macho, akaniambia mapigo ni mangapi, nami nilipohesabu kwa saa nilikuta hajakosea sana. Siku hizo mbili za wiki ndizo nilizoishi. Zilizobaki nilizingoja.

Mirija tuliyokuwa nayo ilikuwa minne. Daktari aliishona kwenye mshipa mkubwa wa shingo, upande wa kushoto, chini karibu na bega, mrija mmoja kwa kila mbuzi. Mbuzi watatu wa kwanza walikufa, mmoja baada ya mwingine, kwa homa ya mapafu na mambo mengine ya mbuzi, na kila mara Mzee aliwakuta asubuhi wamekakamaa. Tulipofungua shingo, mrija ulikuwa umejaa damu iliyoganda. Lakini hilo halikutuambia kitu. Mnyama akifa, damu inayobaki mwilini huganda yenyewe. Hatukuweza kujua kama mrija uliziba mbuzi akiwa hai, yaani jeli yangu haifai, au uliziba baada ya kufa. Wafadhili waliotupatia mirija walitaka jibu kabla ya mwaka kwisha, la sivyo chumba kifungwe. Baada ya mbuzi wa tatu nililia mbele ya bakuli la ndengu. "Kama damu ingekuwa imetoka yote, Mzee, ningejua. Ningeona mrija jinsi ulivyo. Sasa hii damu imenificha kila kitu." Yeye alitafuna taratibu, akasema, "Hm," akanisogezea kipande kikubwa cha chapati. Akabaki mbuzi mmoja, wa kahawia mwenye sikio jeupe, aliyeshonewa mrija Oktoba. Daktari alitaka afikishe siku sitini.

Siku ya arobaini na moja ilikuwa Alhamisi. Niliposhuka kwenye kijia cha banda niliona watu langoni, wanawake wawili wa shamba wameshika sufuria, mwanamume mmoja ana beseni, wanacheka. Nikaanza kukimbia. Mbuzi wangu alikuwa ananing'inia kichwa chini kwenye boriti, koo limefunguliwa, na mchanga chini yake umelowa mwekundu. Mzee Ramadhani alikuwa anafuta kisu.

"Mzee, umefanya nini?"

"Tumbo ilikuwa imejaa gesi, mwanangu. Imevimba hivi, macho imegeuka. Nimeenda mpaka petrol station kupiga simu, huko kwenu hakuna mtu anashika. Haingengoja wewe."

"Kwa hiyo ukaona uchinje."

"Ikifa yenyewe inakuwa kibudu, na damu inabaki ndani. Nimekata juu kabisa, hapa chini ya taya. Mrija yako sikugusa. Na damu imetoka sawasawa, pande zote mbili. Nisikize, Njeri, pande zote mbili…"

Sikumsikiliza. Nilikuwa nawaangalia wale wanawake na sufuria zao. Ruiru nzima ilijua mbuzi akianguka kinachofuata ni moto na chumvi, na nilichokiona mbele yangu ni hicho. Mzee akaingia ndani ya banda, akatoka na sufuria ndogo yenye kifuniko, akanikabidhi kwa mikono miwili. "Hii ni yako," akasema. Sasa, kwetu mbuzi akichinjwa kila mtu ana kipande chake, na mtu akikupa sufuria ya nyama akisema hii ni yako, anakupa fungu lako. Nikafunua kidogo, nikaona shingo ndani ya maji. Nikaamini ananigawia. Nikaamini ananifunga mdomo kwa nyama ya kazi yangu mwenyewe.

"Umekula kazi yangu," nikamwambia. "Mwaka mzima. Mimi nilikuwa nakuamini wewe."

Mwanamume mwenye beseni akacheka. Mzee hakujitetea mbele ya watu. Aliniangalia, kisha akaangalia lile boksi la mbao, ambalo juu yake bakuli lilikuwa limefunikwa kwa kitambaa cha maua. "Kaa ule kwanza," akasema. "Halafu utanitukana." Nikasema sili. Nikachukua ile sufuria, si kama fungu, bali kama ushahidi, nikarudi Thika.

Daktari aliposikia alicheka bila furaha. "Wamekula utafiti wetu, Njeri. Haki ya Mungu, wamekula utafiti." Akaniambia niandike yaliyotokea. Niliandika ukurasa mzima, kwa mwandiko mzuri, kwamba mlinzi amemchinja mnyama bila idhini kwa ajili ya nyama. Maneno hayo manne ya mwisho hakuna aliyeniambia, niliyaweka mwenyewe. Kesho yake barua ya kumfuta kazi ilipelekwa Ruiru. Sufuria niliisukuma ndani ya friji, nyuma ya chupa, na siku tatu nzima nikila jioni nilikuwa nikiwasikia majirani zangu bila kuelewa wanachosema.

Jumatatu niliifungua nikiwa na nia ya kuitupa ile nyama na kuosha sufuria. Maji yalikuwa ya chumvi. Nilijua kwa kuonja kidole, jambo ambalo mtu wa maabara hapaswi kufanya. Shingo haikuwa imekatwakatwa kama ya kupika. Ilikuwa nzima, imekatwa juu na chini kwa mkato mmoja mmoja, na ncha mbili za mshipa wa kushoto zilikuwa zimefungwa kwa uzi mweupe wa kushonea nguo, fundo dogo kila upande, ili kisitoke wala kisiingie kitu. Hakuna mtu anayefunga nyama ya kula hivyo. Niliketi kwenye stuli. Kisha nikachukua mkasi, nikaupasua mrija kwa urefu, nikaufungua. Ndani ulikuwa wazi. Ulikuwa laini, unang'aa, umeshaanza kuvikwa ngozi nyembamba ya mbuzi mwenyewe, na hapakuwa na hata punje ya damu iliyoganda. Jeli yangu ilikuwa imefaa. Na nilijua hilo kwa sababu mzee mmoja alinisikia nikilia mbele ya ndengu, akakumbuka.

Nilimwonyesha Daktari, akanikumbatia, harufu na yote. Aliupiga mrija picha kutoka kila upande. Kisha akasema, "Tutaandika kwamba tulichinja sisi, kwa mpango. Siku ya arobaini na moja. Inakaa vizuri zaidi."

"Na Mzee Ramadhani?"

"Ameshapewa barua. Mambo yakitulia tutamwita."

Nami nikaandika. Mkono ulioandika ukurasa wa kwanza ndio ulioandika wa pili, kwa mwandiko ule ule mzuri, na ule wa kwanza hakuna aliyeuchana. Mambo hayakutulia. Daktari alikwenda na zile picha ng'ambo kwenye mkutano, akapata kazi huko huko, na chumba kikawa stoo ya karakana. Leo nasoma kwamba mirija iliyozibwa kwa jeli ya namna ile ni kitu cha kawaida katika hospitali nyingi. Haikutoka kwetu. Wengine walikuwa wakiipika kwingine, kwa sufuria bora zaidi, na sisi tulikuwa tone moja tu. Hilo halinisumbui.

Linalonisumbua ni Jumapili moja ya Januari. Nilikwenda Ruiru nimevaa gauni safi, nikiwa nimeyapanga maneno yangu, kwenda kumtafuta. Sikuhitaji kutafuta sana. Alikuwa amekaa kando ya barabara kwenye boksi lile lile, anauza makaa kwa mikebe, mikono myeusi, miguu ameinyosha mbele. Nilikuwa hatua ishirini hivi kutoka kwake. Aibu ikanipanda kutoka miguuni, na maneno yote niliyoyapanga yakanikimbia. Nikavuka barabara. Nilitembea upande wa pili nimeinamisha kichwa mpaka nikampita, nikapanda gari la Thika, na sikurudi tena.

Jumapili hii nilirudi. Ruiru niliyoijua haipo. Banda na kahawa vimekuwa maghorofa ya kupanga, na niliposhuka Kamakis, ambako enzi zangu hapakuwa na kitu, moshi wa nyama choma ulikuwa umetanda pande zote za barabara, mbuzi waliochunwa wananing'inia nyuma ya vioo vya bucha kichwa chini, safu kwa safu. Nilitembea nikiangalia mbele. Nyumbani kwa Zubeda wanaume walikuwa uani kwenye mikeka wakimalizia dua, na wanawake walinipisha ndani, wakanipa leso ya kujifunika. Sikujua pa kuweka mikono yangu. Zubeda ni mama mnene mwenye macho ya babake, na kisomo kilipokwisha alikuja akakaa chini karibu nami. Nikaona nisipoanza sasa nitavuka barabara tena.

"Zubeda, kuna kitu nilipaswa kumwambia baba yako," nikasema. "Yule mbuzi hakuharibika bure. Mrija ulikuwa wazi kabisa. Alifanya sawa, mimi ndiye niliyeandika kwamba alichinja kwa ajili ya nyama. Alifutwa kwa sababu yangu. Na baadaye nilijua, na sikuja."

Alinitazama kama mtu aliyeambiwa jambo la zamani. "Lakini kuwa ilikuwa wazi, hiyo si alijua? Damu ilitoka pande zote mbili sawa. Kama mrija ingekuwa imeziba, huo upande wa kushoto ungetoa kidogo tu, inachuruzika. Baba alichinja maisha yake yote, mwalimu, hangekosa kuona hiyo. Alisema alikwambia hapo hapo."

Aliniambia. Aliniambia mara mbili, amesimama na kisu mkononi, nami nilikuwa naangalia sufuria za watu. Jibu la mwaka mzima nilipewa bure kwa sentensi moja, na sikulichukua.

"Basi kwa nini alikuwa ananitaja?" nikauliza. "Alikuwa anangoja nini?"

Zubeda alikunja pembe ya leso yake, akaikunjua. "Alikuona siku ile. Jumapili, ukivuka barabara. Alirudi nyumbani na makaa yake akatuambia, nimemwona Njeri wa mbuzi, amekonda. Hakukasirika, mwalimu, usifikirie hivyo. Hiyo ya kazi aliimaliza siku nyingi. Ni kitu kimoja tu alikuwa anauliza, mpaka juzi hapa hospitali. Huyo mtoto anakaa peke yake, sijui siku hizi mchana anakula na nani."

Mlango ukafunguliwa, wanawake wawili wakaingiza sinia la pilau, wakaliweka mkekani katikati yetu, na mwingine akaja na birika na beseni. Zubeda akasogea kunipa nafasi.

"Umekula?" akaniuliza.

"Bado," nikasema, nikanyosha mikono nioshwe.